Takwimu za ajira zinanieleza mimi, hazielezi ofisi

Kazi yangu ni kuhesabu watu. Kila robo mwaka napokea mafaili kutoka idara zote, nayasafisha, naondoa majina yaliyojirudia, kisha naandaa ripoti inayoonyesha wangapi wameajiriwa, wangapi wameondoka, wanawake ni asilimia ngapi, vijana ni wangapi, na watu wenye ulemavu ni wangapi. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe sikuwemo kwenye mstari huo wa mwisho, ingawa nina usonji (autism, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na anavyohisi mazingira yake) na ADHD (hali ya ugumu wa kutulia na kuelekeza umakini), na vyote viwili vimeandikwa na daktari.

Sababu ya kukaa kimya haikuwa aibu. Nilijua faili linapita mikononi mwa nani. Anayejaza fomu ya utumishi anadhani anajibu swali la takwimu, lakini mimi ninayezipokea fomu hizo najua kwamba jibu lake linalala kwenye faili moja na barua za onyo na tathmini za utendaji, na msimamizi akitaka kulisoma analisoma. Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha kupandisha watu vyeo ili nisome takwimu zangu, nikasikia jina la mwenzetu likitajwa na mtu akauliza, "Yule mwenye shida ya umakini?" Mazungumzo yakaishia hapo. Kwamba ndiye aliyekuwa akifunga hesabu za mwisho wa mwezi kwa wakati, hakuna aliyelisema. Basi kisanduku changu cha ulemavu kwenye fomu nikakiacha wazi, na ripoti niliyoiandaa kwa mikono yangu ikaendelea kusema kwamba sipo.

Tangu hapo kila nikiona takwimu ya ajira ya watu ambao ubongo wao unafanya kazi tofauti na walio wengi, yaani wenye usonji, ADHD, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), Tourette (miondoko na sauti zinazomtoka mtu bila kupenda) na kadhalika, najiuliza aliulizwa nani, na jibu lake lilikwenda wapi. Na kadiri miaka inavyopita nimeongeza swali ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: je, kuna mtu aliyeipima ofisi, au amepimwa mfanyakazi peke yake?

Chukua takwimu za Uingereza, ambazo hunukuliwa mara nyingi. Februari 2021 ofisi ya takwimu ya taifa ilitoa kwa mara ya kwanza kiwango cha ajira cha watu wenye usonji. Mwaka 2020 ni asilimia 21.7 tu waliokuwa na kazi. Kwa watu wenye ulemavu kwa ujumla ilikuwa asilimia 52.1, na kwa wasio na ulemavu asilimia 81.3. Miaka mitatu baadaye, Februari 2024, ripoti iliyoongozwa na mwanasiasa Robert Buckland kwa ajili ya serikali ikasema takriban watu 3 kati ya 10 wenye usonji ndio wenye kazi. Ni namba nzito, na nashukuru kwamba hatimaye zipo, maana kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana kwa kubahatisha. Lakini zinatokana na watu waliomwambia mdadisi kwamba wana usonji na kwamba hali hiyo inawabana katika shughuli za kila siku. Mhasibu mwenye usonji anayejikaza kazini kutwa nzima na kurudi nyumbani akiwa hana nguvu hata ya kuongea, ambaye hajapimwa au hajamwambia mtu, anahesabiwa miongoni mwa wale asilimia 81. Taabu yake inaandikwa kama mafanikio ya wengine.

Takwimu za Australia za mwaka 2018 ndizo ninazowafundishia vijana wanaoanza kazi kwenye kitengo chetu, kwa sababu zinaonyesha jinsi namba moja inavyoweza kuficha nyingine. Kiwango cha ukosefu wa ajira kwa watu wenye usonji kilikuwa asilimia 34.2, wakati kwa watu wenye ulemavu kwa ujumla kilikuwa asilimia 10.3, na kwa wasio na ulemavu asilimia 4.6. Mtu akisoma haraka anasema, kumbe theluthi moja hawana kazi, basi theluthi mbili wanazo. Hapana. Kiwango hicho huwahesabu tu wale walio kwenye soko la ajira, yaani wenye kazi na wanaotafuta, na utafiti uleule unasema watu wenye usonji waliokuwa kwenye soko hilo ni asilimia 38 tu. Kwa hiyo piga hesabu polepole: kati ya watu 100 wenye umri wa kufanya kazi, 38 wamo sokoni. Kati ya hao 38, kama 13 wanatafuta kazi na hawajapata. Wanabaki 25 wenye kazi. Na wale 62 wengine? Hawamo kwenye hesabu ya wasio na kazi kwa sababu hawatafuti. Wapo wanaosoma, wapo ambao afya haiwaruhusu, na wapo walioomba, wakasailiwa, wakakataliwa, wakaomba tena, mpaka wakaacha. Hao wa mwisho nawafahamu vizuri, kwa sababu nusura niwe mmoja wao.

Mkanganyiko huohuo ndio unaozalisha ile "asilimia 85" inayosambazwa kila mahali kama kiwango cha ukosefu wa ajira cha watu wenye usonji duniani, bila nchi, bila mwaka, bila utafiti. Naomba tuache kuinukuu. Hali ni mbaya vya kutosha bila kutiwa chumvi, na mwajiri akigundua kwamba namba moja tuliyompa haina mguu wa kusimamia, hatasikiliza ya pili.

Kuna tatizo jingine linaloanzia mbali zaidi, kwenye sensa zenyewe. Nchi nyingi hutumia maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, kutambua watu wenye ulemavu: una shida ya kuona, ya kusikia, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka au kuwa makini, ya kujihudumia, ya kuwasiliana? Ni maswali mazuri na yamesaidia sana, maana hayamlazimishi mtu kutaja ugonjwa. Lakini mpe maswali hayo mtu mwenye usonji anayeongea vizuri, anayesoma, anayetembea. Atajibu "hakuna shida" mara sita, na atakuwa amesema kweli. Shida yake haijaulizwa: kelele za watu thelathini kwenye chumba kimoja, maagizo yanayobadilika bila taarifa, maneno yenye maana mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unagusa kazi kwenye kifungu cha 27 na ukusanyaji wa takwimu kwenye kifungu cha 31. Waliouandika waliona kwamba mambo hayo yanahitajiana, na kazini kwangu nimeona kwa macho yangu jinsi la kwanza linavyokwama la pili likilegalega.

Sasa nije kwenye usaili, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Usaili mmoja naukumbuka kuliko mwingine wowote. Meza ndefu, watu watano upande wa pili, feni juu yangu ikigonga kila inapozunguka. Mwenyekiti akasema, "Haya, tueleze kidogo kuhusu wewe." Kidogo ni kiasi gani? Nianzie shule, au kazi ya mwisho? Wanataka kujua mimi ni mtu wa namna gani, au wanataka kujua naweza nini? Nilipokuwa bado napanga jibu, nikaona mmoja wao ameshaandika kitu. Nilitazama meza, kwa sababu nikimtazama mtu machoni siwezi kupanga maneno, na nikipanga maneno siwezi kumtazama machoni. Kazi ile sikuipata.

Miaka ya baadaye, nikiwa tayari kwenye kitengo cha takwimu cha taasisi nyingine, niliombwa kuingiza alama za usaili kwenye kompyuta. Ndipo nilipoiona fomu yenyewe kwa mara ya kwanza. "Mwonekano na kujiamini" ilikuwa na alama sawasawa na "ujuzi wa kazi inayoombwa". Chini yake, kwa mwandiko wa wasaili tofauti: anaangalia chini, hachangamki, majibu yake yamenyooka mno. Nafasi iliyokuwa inagombewa ni ya kukagua mafaili ya mishahara. Nilikaa na fomu zile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilikuwa nasoma sababu za watu kukataliwa, na hakuna hata moja iliyohusu mishahara.

Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambao nadhani kila mtu anayekaa kwenye jopo la usaili angepaswa kuusoma. Watu walionyeshwa vipande vifupi vya video za watu wenye usonji na wasio nao wakizungumza, wakaulizwa kama wangependa kukaa nao au kuongea nao. Wenye usonji walipewa alama za chini ndani ya sekunde chache. Lakini waamuzi walipopewa maneno yaleyale kwa maandishi, bila sauti wala picha, tofauti ikatoweka. Kwa hiyo walichokikataa ni namna maneno yalivyotolewa, wala si maneno yenyewe. Sasa fikiria ni kazi ngapi duniani hugawiwa kwa kuangalia sura na sauti ya mtu kwa nusu saa.

Kazi niliyonayo leo niliipata kwa njia nyingine. Maswali yalitumwa siku mbili kabla. Sehemu kubwa ya usaili ilikuwa jedwali lenye makosa, kompyuta, na saa nzima ya kuyatafuta. Hakuna aliyejua hali yangu, na waombaji wote walifanyiwa hivyohivyo. Hili la "wote" nalipenda sana, kwa sababu halikunilazimu kuuza siri ili nitendewe haki. Ni wazo ambalo kampuni ya Specialisterne, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2004 na Thorkil Sonne baada ya mwanawe kutambuliwa kuwa na usonji, ililifanyia kazi mapema: mwache mtu aonyeshe kazi badala ya kujinadi. Kampuni kubwa za programu zikafuata. Nawaheshimu, ila nina neno moja. Baada ya hapo watu wengi waliamini kwamba usonji maana yake ni kipaji cha kompyuta, na hadi leo mwalimu mwenye usonji, muuguzi mwenye ADHD au fundi umeme mwenye disleksia akienda kuomba marekebisho kazini anatazamwa kana kwamba amekosea njia. Haki ya kufanya kazi haipaswi kusubiri kipaji.

Msimamizi wangu wa kwanza hapa alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye hakuwahi kuhudhuria semina yoyote kuhusu mambo haya. Aliangalia tu. Baada ya wiki chache akaniita pembeni: "Nikikupa kazi kwa mdomo unapotea, nikikuandikia unamaliza kabla ya wenzako. Basi nitakuandikia." Nikamjibu, "Nashukuru, dada." Ikawa hivyo. Barua pepe zake zilikuwa fupi: "Jedwali la 4: ondoa waliostaafu. Mwisho Alhamisi saa 8 mchana. Namba zisipolingana niulize mimi kwanza, usiende kwa mhasibu." Ukiitazama vizuri utaona kila kitu kimo: nini, lini, na nifanye nini mambo yakiharibika. Ajenda ya kikao alinipa asubuhi. Alinihamisha kutoka kwenye meza iliyo karibu na mlango, akaniruhusu kuvaa hedifoni, na wenzangu walipouliza kwa nini, akawaambia yeyote anayetaka avae. Watatu wakavaa. Gharama ya hayo yote kwa taasisi ilikuwa sifuri. Huko Marekani kuna huduma inayoitwa Job Accommodation Network ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauliza waajiri kuhusu gharama za marekebisho kama haya, na takriban nusu husema hawakutoa hata senti.

Kisha akahamishwa.

Aliyemfuata alipenda ofisi yenye watu wachangamfu. Maagizo yalitolewa kwenye korido, hedifoni zikapigwa marufuku kwa sababu "zinavunja umoja", na vikao vikawa vya kushtukizwa. Mimi nilikuwa yuleyule, na jedwali la 4 lilikuwa lilelile. Lakini mwisho wa mwaka tathmini yangu ilishuka kutoka "vizuri sana" hadi "inaridhisha", na kwenye maoni ikaandikwa kwamba napaswa kuongeza bidii. Kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza mfumo, niliingia kutazama rekodi yangu kama ambavyo mtu wa nje angeiona. Ilikuwa na umri wangu, cheo changu, elimu yangu, siku zangu za ugonjwa, na alama zangu zikishuka. Hakuna popote palipoonyesha kwamba msimamizi alibadilika. Yeyote ambaye angechambua rekodi ile angesema kwa uhakika kabisa kwamba huyu mtu ameporomoka.

Kwenye majedwali yetu yote kuna safu ya hali ya mfanyakazi. Safu ya hali ya mahali pa kazi haipo. Mwajiri anauliza una nini. Swali la umekalishwa wapi, unaagizwaje, kelele ikoje, nani alibadilika juu yako, haliulizwi popote. Matokeo yake kila tatizo lililozaliwa kati ya mtu na ofisi linaandikwa kwa jina la mtu.

Nikaanza kuchimba. Kwenye mfumo wetu, mtu anapoacha kazi, afisa huchagua sababu kutoka kwenye orodha: kustaafu, kifo, kuachishwa, kazi mpya, sababu binafsi. "Sababu binafsi" ndiyo iliyokuwa ikiongoza miaka yote, na hakuna aliyeshangaa. Lakini karibu na sababu hiyo kulikuwa na nafasi ya maelezo ambayo hakuna ripoti iliyowahi kuitumia. Nikayasoma. "Amesema hawezi tena kukaa kwenye ukumbi wa wazi." "Amechoshwa na zamu zinazobadilishwa usiku wa kuamkia." "Ameomba maagizo kwa maandishi, haikuwezekana." Mmoja aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaipenda kazi yake na angebaki kama angepewa chumba kidogo cha faili kilichokuwa hakitumiki. Chumba hicho nakijua. Hadi leo kina viti vibovu.

Haya nikayapeleka kwa mkuu wa utumishi, bila majina, na namshukuru kwa kuyasoma hadi mwisho. Hatukuongeza kisanduku cha usonji. Kwanza tuliondoa swali la ulemavu kwenye faili la mtu, tukaliweka kwenye dodoso lisilo na jina ambalo wasimamizi hawalioni. Tukakubaliana kwamba kundi lenye watu wachache mno kwenye idara halitachapishwa, kwa sababu ukisema idara ya watu saba ina mmoja mwenye Tourette, umeshamtaja. Kisha tukageuza maswali. Ni nini kazini kinakupotezea muda au nguvu? Umewahi kuomba kibadilishwe? Ulijibiwa nini, na baada ya muda gani? Swali la mwisho ndilo lililoleta ubishi, kwa sababu ndilo pekee linalompima mwajiri.

Majibu yalikuja mengi kuliko dodoso lolote la awali. Wengi waliojibu hawana cheti cha daktari na huenda hawatakipata, maana kupimwa ukubwani kuna foleni na gharama. Waliandika mambo yaleyale niliyokuwa nayo mimi: maagizo ya maandishi, taarifa mapema, kelele, taa. Kwenye idara ambazo wasimamizi waliyafanyia kazi, watu waliokuwa wamenyamaza walianza kujitaja wenyewe. Mimi pia nilijaza, awamu ya pili.

Kuna jambo ambalo bado tunavutana juu yake. Nilipoongeza kwenye ripoti jedwali la vyeo, ilionekana wazi kwamba wanaojitambulisha kuwa na hali hizi wamejaa ngazi za chini na za kati, kisha wanaisha ghafla panapoanzia usimamizi. Nikatafuta kinachowazuia, nikakuta tangazo la kila nafasi ya usimamizi lina sharti la "uwezo mkubwa wa mawasiliano", na halielezi ni mawasiliano gani. Yule dada aliyekuwa akiniandikia mistari mitatu kila asubuhi aliwahi kunyimwa nafasi ya juu kwa sharti hilohilo, eti hana ucheshi kwenye vikao. Nimeomba sharti livunjwe vipande vinavyopimika: kuandika maagizo yanayoeleweka, kutoa taarifa kwa wakati, kusikiliza malalamiko na kuyajibu. Kamati imeniambia italijadili baada ya bajeti. Nimewaandikia tena juzi, safari hii nikaambatanisha jedwali.